Dodoso au majadiliano ya kikundi: kipi kipime huduma za maktaba?

Dodoso hukupa idadi, majadiliano hukupa sababu. Mkutubi aanze kwa kujua swali lake linadai kipi.

Dodoso huonekana rahisi, na hapo ndipo wengi hukosea. "Je, wahudumu ni wepesi na wakarimu?" ni maswali mawili: msomaji aliyehudumiwa haraka lakini kwa ukali ajibu nini? Yatenganishe, kisha yajaribu kwa watu 5 hadi 10 kabla ya kusambaza. LibQUAL+, dodoso la kupima ubora wa huduma za maktaba lililoanza mwaka 2000, lina vipengele 22, na kila kimoja hupewa alama 1 hadi 9 mara tatu: kiwango cha chini kinachovumilika, kinachotamaniwa na kinachopatikana. Soma pengo kati ya alama hizo, si wastani peke yake. Na dodoso likigawiwa kaunta tu, wasiofika maktaba hutawasikia kamwe.

Majadiliano yanataka watu 6 hadi 8, dakika 60 hadi 90, na mwongozaji asiyetetea huduma; akianza kujieleza, watu hunyamaza. Matokeo yake usiyageuze asilimia.

Kama hujui tatizo liko wapi, anza na majadiliano. Maneno ya wasomaji wenyewe ndiyo yatakayokutungia dodoso zuri.