MikroTik hAP lite: kiboksi cha elfu 75 kinachotenganisha WiFi ya wateja na ya duka

Mambo vipi wadau, karibuni tena. Leo nimerekodia hapahapa steshenari kwangu, kwahiyo mkisikia mashine ya fotokopi inanguruma huko nyuma mnivumilie, wateja hawasubiri video.

Sasa hiki ndo kile kiboksi mnachoniulizia kila siku. Ona, kinakaa kwenye kiganja na nafasi inabaki. Ni ruta, inaitwa MikroTik hAP lite, inatoka Latvia, ina matundu manne ya waya, antena zimo humohumo ndani, na moto inakula kwa chaja ya maikro-USB, ile ya simu za zamani ambayo kila nyumba ipo imelala kwenye droo. Mimi nimeichukua Kariakoo elfu 75, muuzaji alianzia tisini.

Kwanini niliinunua? Mwanzo nilikuwa na ruta moja tu, ile unayopewa ukilipia intaneti, na paswedi nikaiprinti kabisa kwenye A4 nikabandika ukutani, ukarimu umenizidi. Asubuhi moja nafungua duka nakuta printa niliyosahau kuizima imetema picha za send-off, za rangi, karatasi kumi na kitu, bibi harusi anacheka na wino wangu ndo huo umeisha. Na hakuna aliyenihaki jamani! Printa iko kwenye WiFi, simu ya mtu aliyekaa kibarazani iko kwenye WiFi hiyohiyo, kagusa printi imeenda. Nikacheka, halafu nikakaa nikawaza, kama simu inaiona printa basi na kompyuta inaiona, na ile folda niliyoshea ili dogo wa kaunta aprinti imejaa vyeti vya watu, sivii, kopi za vitambulisho vya NIDA. Na sheria ya taarifa binafsi ilishaanza kufanya kazi tangu 2023, hapo usidhani utajitetea kwamba hukujua.

Nikabadilisha paswedi, nikawapa wateja wawili watatu tu ninaowaamini. Siku ya tatu kijiwe chote cha bodaboda wako hewani. Unajua kwanini? Chukua Android yako, ingia kwenye setingi za WiFi, gusa pale pa kushea, inatokea QR na simu nyingi zinaandika na paswedi yenyewe chini yake. Kwahiyo paswedi ukishampa mteja mmoja hesabu umeupa mtaa mzima. Dawa sio paswedi ngumu, dawa ni kwamba WiFi ya mteja isiwe ndo WiFi ya kazi.

Na hapo ndo hiki kidude kinapolipa hela yake. Waya kutoka kwenye ruta ya intaneti unaingia tundu la kwanza, kompyuta na printa zinabaki kwenye mtandao wa ndani, wenye namba zinazoanza na 192.168.88, halafu kwa programu ya Winbox unatengeneza WiFi ya pili juu ya antena hiyohiyo, unaipa jina lake, paswedi yake, namba zake, mimi nimeweka 10.10.10, na kwenye faiawoli, yaani mlinzi wa mtandao humo ndani ya ruta, unaandika kwamba kinachotoka huku kisiende kule, wala kisiguse ukurasa wa ruta yenyewe. Wateja nimewabana spidi ya mega 2 kila mtu, WhatsApp inaenda, anayetaka kudaunlodi muvi akanunue bando.

Sehemu mbili niliteleza, msiteleze na nyie. Ile ruta ya zamani WiFi yake nilisahau kuizima, siku mbili nzima watu wanaendelea kupitia mlango wa zamani mimi najipongeza. Halafu kwa kuwa hiyo ruta ya zamani ndo inayoipa MikroTik intaneti, mteja bado akiandika namba ya ruta hiyo kwenye brauza anaufungua ukurasa wake wa kuingia, na yuza alikuwa admin na paswedi admin. Badilisha hiyo leo. Na kama ina WPS ya PIN, ile ya kuunganisha kifaa kwa namba bila kuandika paswedi, zima kabisa, namba zake ni 8 lakini ruta inazikagua nusu nusu na ya mwisho ni ya kuhakiki tu, kwahiyo anayebahatisha hana haja ya mamilioni, majaribio 11,000 yanamtosha.

Wale wa kuficha jina la WiFi, au kusajili MAC ya kila simu, yaani namba inayoitambulisha kwenye mtandao, mnajichosha. MAC inakopiwa, na simu za siku hizi zenyewe zinaibadilisha.

Ubaya upo. WiFi yake ni ya gigahezi 2.4 tu, ya 5 haina. Matundu ya waya yanaishia spidi ya mega 100. WPA3, ule ulinzi mpya wa WiFi, hamna, unabaki na WPA2 ya zamani, ambayo kwa duka kama hili na paswedi ndefu inatosha. Hifadhi ni mega 16, apdeti ukiipeleka kwenye toleo la 7 la programu yake nafasi inabana kwelikweli, ila apdeti lazima, 2018 kulikuwa na tundu la kiusalama kwenye Winbox, mtu anasoma mayuza na paswedi zako akiwa mbali huko, wasioapdeti wakaliwa. Na setingi zake sio za kubahatisha, mimi zimenila Jumapili nzima na chai mbili. Kama huna moyo huo, angalia kwanza ruta uliyonayo, TP-Link nyingi zina mtandao wa wageni tayari, unaweka tiki, unahakikisha wageni hawaruhusiwi kuona vya ndani, hujatoa hata mia.

Mimi kilichoniteka kabisa ni chaja, maana umeme ukikata nachomeka pawabenki na WiFi yake inaendelea, japo pale unapohamisha waya inajizima na kuwaka upya, dakika moja hivi... Shikamoo mama, nakuja. Kitambulisho? Mbele na nyuma kwenye karatasi moja?