Nilikwenda kugombana na muuza muvi kwa kosa lisilo lake, lililo lake nikalisahau nyumbani

Nianze na nyota, maana najua wapo wanaosoma hapo tu kisha wanaondoka zao. Epsodi ya mwisho ya tamthilia ya Kimarekani The Sopranos, ile inayoitwa "Made in America": nyota tano. Banda la muvi nilikoinunua: sifuri. Kijana wa ndani ya banda: chini ya sifuri, kama hesabu zinaruhusu. Huko mbele huenda nikabadilisha mawazo, nivumilieni, jambo lenyewe bado linaniwasha.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Morogoro. Nafundisha Kiingereza. Hilo liwekeni pembeni, tutalihitaji.

Kipindi kile mvua zilikuwa za kila siku na mimi nilikuwa nimenasa. Msimu mmoja mmoja, kama mzazi anayelipa ada kwa awamu, nilikuwa napeleka flashi kwenye banda moja karibu na stendi, natoa buku mbili, naingiziwa. Misimu sita, epsodi 86. Jambazi mwenye tumbo anayemwendea daktari wa akili kwa kificho, mwenye mke anayejua kila kitu na watoto wasioambilika: Tony Soprano nilikuwa namjua kuliko ninavyomjua mkuu wangu wa shule.

Hadi hapo epsodi yangu ya moyoni ilikuwa "Pine Barrens", ya 11 katika msimu wa tatu. Paulie na Christopher, vijana wa Tony, wamempeleka Mrusi porini wakammalize, theluji kila upande, Mrusi anawaponyoka, wao wanapotea, wanalala ndani ya gari bovu wakigombea vipakti vya sosi ya nyanya. Simu inakatakata. Tony anamwonya Paulie kwenye simu kwamba huyo si mtu wa mchezo, ameua waasi kumi na sita wa Chechnya, alikuwa Wizara ya Mambo ya Ndani. Paulie anamgeukia mwenzake: jamaa kaua Wachekoslovakia kumi na sita, na kazi yake ilikuwa mapambo ya ndani. Christopher anashangaa, mbona nyumba yake ilikuwa hovyo? Nilicheka mpaka mke wangu akaja kuangalia kama nina tatizo. Mambo ya ndani, mapambo ya ndani. Mzaha huo kwa Kiswahili umekaa vizuri kuliko kwao wenyewe.

Yule Mrusi je? Hadi tamthilia inakwisha, miaka sita baadaye, hatukuambiwa alikoishia. Hapo ndipo ningepaswa kuelewa nashughulika na watu wa namna gani.

Basi usiku wa mwisho. Watoto wamelala, mvua imepumzika. Tony anaingia Holsten's, mgahawa wa aiskrimu huko Bloomfield, New Jersey, anakaa, anachagua wimbo kwenye kile kimashine cha mezani. Mlango ukifunguliwa kengele inalia, naye anainua macho. Anaingia mkewe, Carmela. Kengele. Anaingia kijana wao AJ, akitanguliwa na jamaa mmoja wa jaketi ambaye anakaa kaunta, anatupa jicho kwenye meza yao, kisha anaelekea chooni. Vinaletwa vitunguu vya duara vya kukaanga. Nje, binti yao Meadow anahangaika kuegesha gari. Anaingia, anatoka, tairi linagonga ukingo wa barabara. Mimi ambaye sina hata baiskeli nilikuwa namwelekeza kwa sauti: kata usukani, mama, kata!

Anaegesha. Anakimbia. Kengele. Tony anainua macho. Kwenye ule wimbo aliouchagua, mwimbaji wa bendi ya Journey anasema "usiache", na hapo hapo ikaacha.

Giza. Kimya.

Umeme, nikasema moyoni. Lakini feni ilikuwa inazunguka. Nikaigonga runinga ubavuni. Nikabonyeza rimoti, nikazungusha betri zake, nikabonyeza tena. Nikachomoa flashi kwa hasira nusura niivunje. Saa nzima nimekaa nao, na kijana wa stendi amenikatia dakika ya mwisho! Kwa nini? Ili apate nafasi ya kuingizia nini? Sikulala. Nilikuwa najibizana naye kitandani, na katika majibizano hayo nilikuwa namshinda vibaya sana.

Asubuhi, kabla ya chai, niko bandani. Alikuwa amevaa spika za masikioni, macho kwenye kompyuta. Pembeni watu wawili wanachagua muvi na mama mmoja amemleta mtoto kuingiziwa katuni.

"Dogo, hii uliyonipa imekatika."

"Wapi?" Macho hayakutoka kwenye kompyuta.

"Mwishoni. Wako mgahawani, binti anaingia, inakatika."

"Ndivyo inavyoisha, mzee."

"Inaishaje? Mtu hajasema hata neno!"

"Ndivyo inavyoisha."

Nikamwambia mimi si mtoto, najua kitu kilichoisha na kitu kilichokatika, na hata chapati ukikata katikati haibadiliki kuwa chapati nzima ndogo. Sijui kwa nini nilitaja chapati. Njaa labda. Ndipo akatoa spika moja sikioni, moja tu, ile nyingine akaiacha iendelee na starehe zake, akanitazama kuanzia kandambili mpaka kipara.

"Mzee, kama Kiingereza kinasumbua, tafuta iliyotafsiriwa."

Mama wa katuni akacheka. Nasikia kile kicheko mpaka leo.

Miaka kumi na tisa ya chaki! Nimefundisha watu wanaofanya kazi benki, nimefundisha mapadri. Kijana ambaye kwenye ubao wake nje ameandika "action" kwa herufi k ananiambia mimi nitafute iliyotafsiriwa. Nilitoka pale bila kuaga, na mvua ikaanza, bila shaka.

Nisieleweke vibaya. Zilizotafsiriwa sina ugomvi nazo. Nimekulia kwenye vibanda vya video kama wengi wenu, tumebanana kwenye mabenchi, mtafsiri anaongea juu ya sauti ya Mchina, anampa jina la mtaani, anachomekea utani wake. Mchina anasema neno moja, mtafsiri anasema kumi na tano, na zote zilikuwa tamu. Tena niseme ukweli ambao siku ile nisingeusema kwa mtu: nikiwa njiani, nimelowa, nilitamani ningekuwa nayo hiyo iliyotafsiriwa. Mtafsiri wetu hawezi kunyamaza hata sekunde mbili. Giza lile angelijaza. "Hapo mwamba ndiyo kashalambwa risasi, habari yake kwisha, watoto wamebaki yatima." Ningelala.

Siku kadhaa nilimsema yule kijana kila nilipokaa. Ofisi ya walimu ilimjua kabla haijamwona. Mpaka mwalimu wa Jiografia, kijana mtulivu, akanisikiliza hadi mwisho, akatoa simu yake, akaniwekea mbele bila neno.

Kumbe hiyo epsodi ilipoonyeshwa Marekani, Juni 10, 2007, watu kule kule kwao walidhani kebo zao zimekatika. Wazungu nao waligonga runinga ubavuni. Giza lile lina sekunde kama kumi, halafu majina yanapita kimya kimya, hakuna muziki. David Chase, mwenye tamthilia yake, ndiye aliyeiandika na kuiongoza epsodi hiyo mwenyewe, na alitaka giza liendelee moja kwa moja bila hata majina kupita, ila chama cha waongozaji kikamkatalia. Nikasoma hapo mara mbili. Maana yake mimi, kwa kuchomoa flashi, niliitazama vile vile alivyotaka yeye. Huko New Jersey kwenyewe hawakuipata hivyo. Niliipata Morogoro, kwa ujinga na hasira.

Kwa hiyo kijana alikuwa sahihi. Mnajua inavyouma? Kwa wiki kadhaa nikienda stendi nilikuwa napita upande wa pili wa barabara, kwenye matope, ili tusikutane macho.

Lakini sasa ngojeni, maana hasira ikishuka ndipo mtu anaanza kuona vizuri. Nilipokaa kuirudia ile ya mwisho kwa amani, nikakumbuka kitu nilichokimeza usiku ule kwa sababu ya haraka. Epsodi inaanza, mara tuko kwenye mazishi ya Bobby, shemeji yake Tony. Bobby! Amekufa lini? Silvio, mtu wa karibu wa Tony, yuko hospitali hajitambui. Kafanywa nini? Nimeingia msibani bila kujua marehemu kafa vipi, nimekaa, nimekula pilau ya watu. Usiku ule nilijiambia nilisinzia mahali. Sikusinzia. Nikafungua flashi: epsodi ya 20 ilikuwa ile ile ya 19, imebandikwa jina tu. Ndiyo maana niliona mtoto akijitosa kwenye bwawa mara mbili, nikadhani ndiyo usanii.

Yaani "The Blue Comet", epsodi ya pili kutoka mwisho, anayopigwa risasi Bobby akiwa dukani ananunua treni ya kuchezea, sikupewa kabisa! Na mimi, mwanaume mzima mwenye haki yangu mkononi, nilikwenda pale nikapiga kelele kuhusu kitu ambacho hakikuwa na kasoro.

Nikarudi. Safari hii kwa heshima, nimevaa viatu.

"Epsodi ya 20 haipo. Umerudia ya 19."

"Si moja tu hiyo, mzee? Mwisho umeshauona, ya nyuma ya nini tena?"

Hapo sasa. Kwenye lile la kwanza nilikuwa na makosa, nakubali, lakini hili hapana. Moja tu? Mtu anauza nyanya halafu hajui nyanya ni ya kupikia? Tamthilia nzima naweza kuisahau nikabaki na epsodi mbili, na mojawapo inategemea hiyo "moja tu". Nikamwambia afungue tuone wote. Akafungua ya 19. Akafungua ya 20. Bwawa, bwawa. Akatoa spika masikioni, zote mbili safari hii, akajikuna kichwa.

"Hii nimewauzia watu wengi sana," akasema taratibu. "Hakuna aliyewahi kulalamika."

Sikujua nicheke au nilie. Wangapi wamezika bila kujua nani kaua? Akaniambia nirudi Ijumaa. Ijumaa nikarudi, akaniingizia bure, tena akaniita mwalimu, sijui nani kamwambia. Kwa hiyo ile sifuri ya banda naifuta, naweka nyota tatu. Yeye binafsi mbili. Angekuwa na nne, lakini kwa lile la kutafsiriwa hajaniomba radhi hadi leo, na yule mama wa katuni nikikutana naye sokoni bado anatabasamu.

Nikaitazama "The Blue Comet". Mwishoni Tony amejilaza kitandani, amekumbatia bunduki aliyopewa na Bobby siku ya kuzaliwa kwake, na anakumbuka siku walipokuwa wawili kwenye mashua ziwani, Bobby akisema kuhusu kuuawa kwamba pengine likikukuta hata hulisikii.

Nilisimamisha hapo. Hata hulisikii! Maneno hayo Bobby aliyasema epsodi saba nyuma, nikayapita kama mtu anayepita kibao cha barabarani. Hapa wanakukumbusha makusudi, epsodi moja tu kabla ya giza. Wenye flashi nzima walilibeba neno hilo mpaka mgahawani. Sisi wa epsodi ya 19 mara mbili tuliingia mikono mitupu. Sisemi Tony alikufa. Wapo wanaoapa amekufa, wapo wanaoapa alimaliza vitunguu akaenda nyumbani, na mimi mwenyewe Jumatatu naamini hivi, Alhamisi naamini vile. Ninachosema ni kwamba kijana alininyang'anya haki ya kubishana. (Nyota moja na nusu. Basi.)

Juzi juzi nikairudia ya mwisho, mke wangu akiwa anapitapita jikoni na sebuleni. Ile sehemu ya mgahawa ikamshika, akasimama na mwiko mkononi. Hajaona hata epsodi moja ya nyuma, lakini Meadow alipokuwa anaegesha na yeye alikuwa anamwelekeza. Kengele. Giza. Akageuka kuangalia feni.

"Imekatika?"

"Ndivyo inavyoisha," nikamjibu.

"Inaishaje? Mbona hakuna aliyesema kitu?"

"Ndivyo inavyoisha, mama Neema."

Akanitazama kama ninavyojua nilivyomtazama yule kijana. Jibu likanijia ulimini lenyewe, limekamilika, kwa sauti ile ile ya stendi. Nikalimeza. Chakula kilikuwa bado hakijapakuliwa.