Uchambuzi wa Bidhaa: Kifurushi cha Kutunzia Mapambo ya Fedha, Baada ya Wiki Sita za Majaribio

Watazamaji wapendwa, hamjambo, na karibuni tena hapa mezani kwangu, Kampala. Nimeweka mbele yenu hereni mbili za fedha zilizonunuliwa siku moja, ndani ya kisanduku kimoja, zikiwa pacha kabisa. Lakini mkizitazama sasa mtadhani moja ni mjukuu na nyingine ni bibi yake. Hii ya kulia imekaa wiki sita kabatini ndani ya mfuko uliofungwa barabara, na hii ya kushoto imekaa wiki sita hizohizo kwenye dirisha la jikoni, karibu na sigiri. Ya kulia bado inang'aa, ilhali ya kushoto ilianza kwa rangi ya manjano hafifu, ikageuka hudhurungi, na ukingoni imekwisha kuwa nyeusi. Nilifanya hivyo makusudi, kwa sababu mmeniuliza mara nyingi kama kile kifurushi cha kutunzia fedha kinachouzwa katika maduka ya mapambo hapa mjini kinastahili bei yake, na sikutaka kuwajibu kwa kubahatisha.

Kifurushi chenyewe kina vitu vitatu: kitambaa cha kung'arishia, kopo la dawa ya kuchovya, na vikaratasi vyeusi vya kuweka pamoja na mapambo yanapohifadhiwa. Siwezi kuvipima kwa haki kabla hatujaelewana ni adui gani tunayepambana naye, maana watu wengi huuita weusi huu kutu, na kosa huanzia hapo. Kutu ni jambo la chuma, oksijeni na maji. Fedha haisumbuliwi sana na oksijeni ya hewani. Kinachoiandama ni salfa, hasa ile gesi yenye harufu ya yai viza, ambayo wanakemia huiita hidrojeni salfaidi. Salfa hiyo ikikutana na uso wa fedha huunda utando mwembamba sana wa salfaidi ya fedha, na utando huo unavyozidi kuwa mnene ndivyo rangi inavyosogea kutoka manjano hadi nyeusi. Unyevu wa hewa huharakisha kazi hiyo, na sisi tunaoishi karibu na Ziwa Viktoria hatuhitaji kuelezwa unyevu ni nini, hasa katika miezi ya mvua.

Sasa fikirieni jikoni kwa kawaida kuna nini: mayai, vitunguu, kabeji, vyote vikiwa na salfa. Muuza rolex, yaani chapati iliyoviringwa pamoja na mayai, anayevaa pete ya fedha huku akikaanga mayai na vitunguu tangu alfajiri asishangae pete ikibadilika rangi, wala asimlaumu sonara. Ukienda kutembelea chemchemi za moto za Kibiro, kwenye ufuo wa Ziwa Albert, vua mkufu wako kabla hujafika, kwa kuwa harufu utakayoipokea pale ndiyo gesi yenyewe. Nasema haya pia kwa ajili ya wale wanaoamini kwamba fedha ikigeuka nyeusi mwilini basi mvaaji ana ugonjwa au ametupiwa jicho baya. Jasho, mafuta ya kujipaka na manukato vinatosha kabisa kuueleza weusi huo.

Vilevile, kuwa nyeusi si dalili kwamba umeuziwa bandia. Muhuri wa 925 maana yake ni kwamba katika kila sehemu 1,000 za madini hayo, 925 ni fedha na 75 zilizobaki kwa kawaida ni shaba, madini yaleyale yaliyokuwa yakichimbwa Kilembe, karibu na Kasese. Shaba huongezwa kwa sababu fedha tupu ni laini mno kwa pete au bangili ya kuvaliwa kila siku. Lakini shaba nayo hushikwa na salfa, na ndiyo maana fedha ya 925 huwahi kufifia kuliko fedha safi.

Nianze na kitambaa, kwa sababu ndicho kilichonipendeza zaidi. Kina tabaka mbili: la ndani limetiwa dawa ya kung'arisha na la nje ni la kumalizia. Unasugua polepole kwa mstari ulionyooka, si kwa kuzungusha, kisha unafuta kwa tabaka la nje. Kitakuwa cheusi baada ya siku chache, nawe utashawishika kukifua. Usikifue, kwa kuwa maji na sabuni vitaondoa dawa iliyomo, wakati kitambaa kichafu bado kinafanya kazi kwa muda mrefu. Kasoro yake ni kwamba hakiingii kwenye nakshi za ndani wala kati ya pingili za mkufu mwembamba. Tena kila usuguaji huondoa fedha kidogo sana, jambo ambalo kwa pete ya fedha halisi halina uzito, ila kwa pambo lililopakwa fedha juu ya shaba ni hatari. Niliwahi kuuziwa mkufu kwa jina la fedha, nikausugua kwa bidii kabla ya kwanjula ya mdogo wangu, yaani sherehe ya kumtambulisha mchumba kwa wazazi, na kufikia jioni wekundu wa shaba ulikuwa umechungulia shingoni pa gomesi yangu, lile gauni letu la sherehe. Muuzaji sikumwona tena.

Kopo la dawa ya kuchovya, kwa maoni yangu, ndilo linaloipandisha bei ya kifurushi bila sababu ya kutosha. Linafanya kazi, tena upesi: nilichovya mkufu mwembamba kwa sekunde chache, na weusi ukatoweka mbele ya macho yangu, hata kwenye pingili ambazo kitambaa hakikuzifikia. Lakini dawa za aina hii kwa kawaida huwa na asidi, harufu yake ni kali, na zinahitaji glavu na dirisha lililo wazi. Haziwezi kutumika kwa lulu, feruzi au opali, na zikikutana na bangili ambayo sonara aliutia weusi makusudi ndani ya nakshi ili michoro ionekane, zitaufuta weusi huo na kuiacha bangili ikiwa na uso mmoja usio na uhai. Ukiacha pambo humo kwa muda mrefu, utalitoa likiwa limefifia kwa weupe usiopendeza.

Kwa ule mkufu wa pingili, njia ya nyumbani ilinipa matokeo yaleyale. Tandika karatasi ya alumini ndani ya bakuli la kioo, weka pambo lako juu yake likiigusa kabisa, nyunyiza kijiko kimoja cha baikaboneti ya soda, ile ambayo wapishi wengi huitia kwenye maharage ili yaive haraka, kisha mimina kikombe cha maji ya moto sana. Alumini huivutia salfa kwa nguvu kuliko fedha, hivyo salfa huiacha fedha, na ile fedha iliyokuwa imefungwa ndani ya utando mweusi hurudi kuwa fedha safi badala ya kusuguliwa na kutupwa. Mkisikia harufu ya yai viza, msiogope. Ndiyo salfa inayoaga. Msidhani soda hii ni sawa na hamira ya keki, na msitumbukize humo pambo lenye kito, lenye gundi au lenye weusi wa makusudi. Suuza, kisha kausha hadi kwenye viungio.

Dawa ya meno, ambayo bado naona ikipendekezwa kila mahali, iacheni kwenye meno. Katika kipimo cha ugumu wa madini cha Mohs, kinachokwenda kutoka 1 hadi 10, fedha ipo kati ya 2.5 na 3, na chembe za silika zilizomo katika dawa nyingi za meno ni ngumu kuliko hapo. Kwa hiyo mng'aro unaouona umekuja pamoja na mikwaruzo.

Vikaratasi vyeusi, ambavyo nilividharau mwanzoni, ndivyo vilivyoishinda dhana yangu. Huvuta gesi za salfa kutoka katika hewa iliyofungiwa, na hudumu kwa miezi kadhaa. Lakini ukiviweka katika sanduku linalofunguliwa kila saa, unavitaka visafishe hewa ya chumba kizima, na kazi hiyo haviiwezi. Mimi huweka kimoja ndani ya kaveera dogo, yaani mfuko wa plastiki, lenye zipu, naikamua hewa, na kila pambo nalitenga lisikwaruzane na jingine. Vile vifuko vya chembechembe vinavyokuja na viatu vipya vinasaidia kwa unyevu tu, salfa havina habari nayo. Usifunge mkufu kwa mpira wa kufungia pesa, kwa sababu mpira huo hutengenezwa kwa salfa, wala usiuviringishe katika kitambaa cha sufu au gazeti. Na pete unayoivaa kila siku huenda isihitaji lolote kati ya haya, kwa kuwa msuguano wa ngozi na nguo huing'arisha. Ivue tu unapoogelea kwenye bwawa lenye klorini na unapopika.

Basi, kama duka linakubali kuvigawa vitu hivi, nunueni kitambaa na vikaratasi, na kopo mliache rafuni. Hereni hii ya jikoni naisugua sasa mbele yenu kwa kitambaa kilekile, mara moja, mara mbili, na huu hapa mstari wa kwanza wa mng'aro. Ukingoni itanichukua dakika kadhaa. Haya, nimemaliza. Naziweka zote mbili kiganjani, nazichanganya, na sasa hata mimi sijui ipi ilikuwa ya kabatini.