Uchambuzi: Two Oceans Aquarium ya Cape Town kwa familia inayotoka Dodoma

Mbukwenyi, ndugu watazamaji. Leo ninachambua tiketi ya kuingia Two Oceans Aquarium, nyumba kubwa ya viumbe wa baharini iliyopo katika eneo la bandari la V&A Waterfront mjini Cape Town, Afrika Kusini. Ninaichambua nikiwa mzazi wa hapa Dodoma aliyekwenda na watoto pamoja na bibi yao. Tiketi zote nilizilipia mwenyewe, na hakuna mtu aliyeniomba nimsemee. Wengi wenu mmekuwa mkiuliza kama mahali hapo panastahili fedha ya familia, na jibu langu ni kwamba panastahili kwa sharti moja: sehemu kubwa ya muda wenu muitumie kwenye matangi ya maji baridi, kwa sababu bahari ya vuguvugu tunayo wenyewe hapa nchini, na ukiiona pale Mafia huwezi kuridhika na kipande chake kilichowekwa nyuma ya kioo.

Naomba nilieleze sharti hilo vizuri, kwa kuwa ndilo litakaloamua kama mtatoka mmeridhika au mtatoka mnahesabu gharama. Pwani ya magharibi ya Rasi, yaani eneo la Cape Town, hupitiwa na mkondo wa Benguela, ambako upepo huyasukuma maji ya juu mbali na ufuko, na maji baridi yenye rutuba nyingi hupanda kutoka kilindini kuchukua nafasi yake. Upande wa mashariki unashuka mkondo wa Agulhas, wenye maji ya vuguvugu yanayotokea Mlango wa Msumbiji na mashariki mwa Madagaska, yaani bahari ile ile ya Hindi inayogusa Mtwara na Kilwa. Mpaka rasmi wa Bahari ya Hindi na Atlantiki upo Rasi ya Agulhas, ncha ya kusini kabisa ya Afrika, na akwariamu hii iliyofunguliwa Novemba 1995 inaonyesha viumbe wa pande zote mbili. Kwa hiyo mgeni kutoka Tanzania anapoingia, nusu ya anachokiona ni jirani yake wa siku zote, na nusu nyingine ni ulimwengu ambao hawezi kuupata popote kati ya Tanga na Msimbati.

Katika ulimwengu huo wa pili, kilichonishika kuliko vyote ni msitu wa kelpi. Kelpi ni mwani wa kahawia wa maji baridi, mrefu kupita mwani wowote mliowahi kuuona ukianikwa Paje au Jambiani. Shina lake hujishikiza kwenye mwamba kwa kitu kinachofanana na mizizi, lakini kitu hicho hakifyonzi chochote, kazi yake ni kushika tu. Kisha shina hupanda mita nyingi likiwa na hewa ndani, na hewa hiyo ndiyo inayolibeba hadi juu kwenye mwanga, ambako majani yake hutandaa. Kelpi hai ni ngumu kuifuga. Inahitaji maji baridi, mwanga wa kutosha na mwendo wa maji usiokoma, na ndiyo maana akwariamu zenye msitu wa namna hii duniani ni chache sana. Monterey Bay ya California ilianza mwaka 1984, na hii ya Cape Town ni miongoni mwa zilizofuata njia hiyo.

Tazameni picha hii niliyoipiga nikiwa nimekaa sakafuni. Wimbi linapokuja, shina zote zinalala upande mmoja kwa pamoja, na samaki nao wanasogezwa na maji bila kupiga mapezi. Wimbi linaporudi, kila samaki anarudi mahali alipokuwa, ametazama upande ule ule aliokuwa akiutazama. Mwanga unaingia kutoka juu na kukatwakatwa na majani, kwa hiyo rangi ya maji haitulii hata kidogo. Mama yangu mzazi, ambaye maji mengi aliyoyazoea maishani ni yale ya bwawa la Hombolo, aliuliza ni nani anayeyatikisa maji hayo. Mhudumu alimweleza kwa upole, nami nikitafsiri, kwamba ipo mashine inayotengeneza wimbi, kwa sababu mwani huu hauna mizizi ya kufyonza chakula, nao hukipata kwa kupitiwa na maji mapya kila mara kwenye majani yake. Watoto walipoanza kumvuta, “Bibi, twende, huku kuna pengwini,” aliwajibu, “Nendeni na mama yenu, mimi mtanikuta hapa.” Na kweli tulimkuta hapo. Nawaomba wazazi wenzangu msiwaharakishe wazee wenu katika chumba hicho, wala msiwaharakishe watoto, kwani jicho linahitaji muda kuzoea, na samaki waliojificha kwenye mashina huanza kuonekana baada ya mtu kutulia.

Pengwini nao ni wa kuwapa muda. Wapo pengwini wa Afrika, ndege ambaye mwezi Oktoba 2024 aliwekwa na Shirika la Kimataifa la Uhifadhi wa Mazingira, IUCN, katika kundi la viumbe walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka, kwa sababu jozi zinazozaliana porini zimeshuka chini ya 10,000. Chanzo kikubwa ni njaa, maana dagaa na samaki wadogo ambao pengwini huwategemea wamepungua, na wengine wanachukuliwa na nyavu. Mtoto anayejua ugomvi wa dagaa kati ya mvuvi na mlaji hahitaji maelezo marefu kulielewa jambo hilo. Kama mna usafiri na siku ya ziada, nendeni pia Boulders, karibu na Simon's Town, mkawaone pengwini hao wakiwa huru ufukweni.

Sasa nije kwenye upande wa maji ya vuguvugu, ambao nimesema msiukalie sana, ingawa lipo jambo moja ambalo nisingependa mlipite. Tangi kubwa la bahari lililofunguliwa mwaka 2016 lina lita milioni 1.6 za maji, na ndani yake limepitishwa njia ya chini yenye paa la kioo, kwa hiyo samaki aina ya taa na kasa wanapita juu ya vichwa vya watu. Watoto wataipenda, hilo halina shaka. Lakini waelezeni habari ya kasa aliyeitwa Yoshi. Huyu alikuwa kasa wa aina ya duvi, aliyeletwa na meli ya uvuvi mwaka 1997 akiwa mdogo mwenye jeraha, akaishi katika akwariamu hii miaka 20, kisha Desemba 2017 akarudishwa baharini akiwa amefikisha kilo 183, amebandikwa kifaa cha kutuma mahali alipo kwa njia ya setilaiti. Alizunguka pwani ya Afrika, akaanza kuivuka Bahari ya Hindi, na mapema mwaka 2020 akafika pwani ya Australia, akiwa ameogelea zaidi ya kilomita 37,000. Mnyama aliyelishwa kwa mkono miaka yote hiyo hakuwa amepoteza uwezo wa kusafiri wala wa kujitafutia chakula.

Kazi hiyo ya kuokoa kasa inaendelea. Vifaranga wanaoanguliwa kwenye fukwe za kaskazini mwa KwaZulu-Natal na kusini mwa Msumbiji hubebwa na mkondo wa Agulhas, na baadhi yao hutupwa kwenye maji baridi ya Rasi, ambako hupigwa na ganzi ya baridi na kusukumwa ufukweni. Wananchi huwaokota na kuwafikisha kwa wataalamu, wakapata nafuu, kisha wakaachiwa kwenye maji ya vuguvugu. Mimi ninayaona haya kuwa sababu halali kabisa ya kulipa kiingilio, kwa kuwa fedha yako haiishii kwenye kutazama tu.

Watoto wadogo, wa umri wa chekechea hadi darasa la tatu, watafurahia zaidi bwawa la kugusa na tangi la samaki wa rangi ya machungwa wanaoishi ndani ya anemoni, kiumbe wa baharini anayefanana na ua, lenye njia ya kutambaa inayomwibusha mtoto katikati ya samaki. Kwenye bwawa la kugusa, mwelekezeni mtoto alowanishe mkono kwanza, kisha aguse kiti cha pweza kwa kidole kimoja bila kukiinua. Binti yangu alikaa na kidole chake hapo mpaka akaiona miguu midogo sana, laini kama nyuzi, ikijinyoosha chini ya mkono mmoja wa kiumbe huyo na kushika jiwe. Yavuyavu nao wamewekwa kwenye matangi yasiyo na pembe, kwa sababu mnyama asiyeweza kushindana na maji angenasa kwenye kona na kuumia.

Kuna swali la papa mweupe mkubwa, ambalo vijana hawaachi kuniuliza. Hamtamwona huko. Papa huyo hastahimili kufungiwa. Monterey Bay ilipomweka mmoja mchanga mwaka 2004, alikaa siku 198 tu, kisha akarudishwa baharini.

Kuhusu safari yenyewe, Mtanzania mwenye pasipoti haombi viza kwa matembezi mafupi ya Afrika Kusini, na treni ya SGR imeifanya safari ya Dodoma hadi Dar es Salaam kuwa nyepesi kwa wenye watoto. Gharama nzito ni nauli ya ndege, na kwa hiyo simshauri mtu yeyote apange safari hiyo kwa ajili ya akwariamu peke yake. Likizo ya Juni inafaa zaidi kuliko ya Desemba: Desemba mji umejaa wageni, ilhali Juni ni majira ya mvua na baridi huko Cape Town, na akwariamu ni mahali pa kukaa ndani siku nzima bila kujutia hali ya hewa. Bebeni masweta mazito kuliko yale ya upepo wa Dodoma. Milango iko wazi kila siku ya mwaka. Mnapoingia, ulizeni kwanza saa za kulisha samaki, kisha mpange mzunguko wenu kwa kuzifuata saa hizo, na kamera zenu zizimwe mwanga wa kumulika. Maelezo ya ukutani yako kwa Kiingereza, kwa hiyo mtu mzima mmoja ajiandae kuwasomea wadogo kwa Kiswahili.

Mkishatoka, msikimbilie madukani. Pembeni ya jengo, kwenye maji ya bandari, kuna jukwaa ambalo sili, wanyama wa baharini wenye manyoya, hupanda kuota jua, na kulitazama ni bure. Wafanyakazi wa akwariamu hii ndio wanaowakata kamba na mikanda ya plastiki inayowanasa shingoni, kwa hiyo waangalieni shingo zao kwa makini, na mkimwona aliyenaswa, rudini mlangoni mkatoe taarifa.