Rangi ya chini ya Land Rover kuukuu: ipi ununue, na ipi itakulegezea nati

Nilidhani ni upepo. Nilikuwa natoka Mau Narok na magunia sita ya viazi, nimeshapita Njoro, usukani ukaanza kunivuta kulia. Naurudisha, unavuta tena. Nilipoingia Nakuru kijana wa bodaboda alinifuata hadi niliposimama, akagonga dirisha: "Mathe, gari yako inatembea upande kama kaa."

Hakukosea. Kwa fundi wangu wa springi tulilala chini ya gari sote wawili, na tochi ya simu. Yubolti za nyuma kushoto, zile bolti za umbo la U zinazofunga springi kwenye ekseli, zilikuwa zimelegea hadi nati zinazungushwa kwa vidole. Bolti ya katikati ya springi ilikuwa imekatika na ekseli imerudi nyuma. Pembeni mwa kila nati, ile rangi nyeusi niliyoilipia kwa mbwembwe miezi miwili kabla ilikuwa imesukumwa kando, imejikunja kama utando wa maziwa yaliyochemka. Fundi akaukwangua kwa ukucha, ukatoka mzima mzima. "Mama," akasema, "hizi nati hukuzikaza kwenye chuma. Ulizikaza kwenye rangi."

Gari lenyewe ni Land Rover Series III fupi, la marehemu baba, na nimelifungua lote mara moja tu maishani. Kwa hiyo hasira zangu mzielewe. Tangu niseme nalitengeneza, nimeulizwa na wenye Land Rover, wenye Peugeot 504 pikapu, hata wenye zile Datsun ndogo: tupige rangi gani chini? Nikawa najibu "pauda", ile rangi ya unga inayookwa tanurini, ndiyo niliyopigiwa mimi, bila kufikiri. Naomba radhi.

Mng'ao sitauzungumzia, huko chini hakuna anayeingia kukagua isipokuwa kuku. Kutu pia nitaigusa kidogo tu, maana rangi yoyote ya maana ikipakwa juu ya chuma kilichosafishwa itaizuia miaka kadhaa. Swali langu ni moja, na sijawahi kusikia muuzaji akilitaja: rangi hii inakuwa nene kiasi gani pale chuma kinapobanwa na chuma?

Yubolti ukiikaza hurefuka kidogo, sehemu ndogo tu ya milimita, na kule kutaka kurudi urefu wake ndiko kunakobana springi na ekseli. Sasa, rangi ya unga, yaani pauda, kwa kawaida huwa na unene wa mikroni 60 hadi 120 (mikroni elfu moja ni milimita moja). Hesabu nyuso zinazokutana: kitako cha ekseli, springi yenyewe, sahani ya yubolti juu na chini. Nyuso nne zenye mikroni 100 ni karibu nusu milimita ya plastiki. Ibane, itikise kwenye barabara ya mashimo, nayo itahama polepole kwenda kando. Ikishahama, yubolti imerudi urefu wake na hakuna kinachobana kitu. Springi na ekseli vimebaki kushikana kwa mazoea.

Msomaji mmoja wa Kisumu alinitumia kisa kingine cha aina hiyo hiyo. Chesisi imepakwa, gari limeunganishwa, betri mpya, stata haizunguki. Wiki nzima wanabadilisha stata. Kumbe waya wa athi, ule unaounganisha betri na chesisi, ulifungwa juu ya rangi. Dakika tano za msasa zingemaliza kesi.

Haya, tununue.

Ya kwanza kwangu ni POR-15, na sifichi kwamba naipendelea. Ni ya Marekani, inapakwa kwa brashi, na hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo msimu wa mvua hauitishi, mradi chuma chenyewe kiwe kikavu. Inapenda kutu iliyoshika. Ule upele uliobaki ndani ya vishimo baada ya brashi ya waya, ambao rangi nyingine huukalia tu, hii huushika. Chuma kinachong'aa ndicho inachokikataa: lazima ukipitishie kwanza ile dawa yao yenye asidi, la sivyo inabanduka vipande vipande. Toa grisi, paka dawa, suuza, kausha kabisa, ndipo upake mikono (safu) miwili miembamba. Miembamba! Na kwa sababu brashi iko mkononi mwako wewe, unaziba kwa karatasi ya gundi kila mahali pa kubanwa na kila tundu la bushi (ile mipira ya springi). Hapo ndipo iliponiteka moyo.

Kasoro zake: jua huifubaza, kwa hiyo palipo wazi weka rangi nyingine juu. Ikikugusa ngozi haitoki hadi ngozi yenyewe ibadilike. Nilihudhuria ruracio (sherehe ya mahari) ya mpwa wangu na kidole cheusi, nikawa nakificha chini ya kitenge. Tena usipofuta mdomo wa kopo kabla ya kufunika, utaufungua kwa grenda.

Hapa ndipo wauzaji waliponichosha. Rangi inayokauka kwa unyevu haigawanywi. Mwenye duka mmoja alinipimia robo lita kwenye chupa ya soda, bei karibu na ya kopo zima, na kesho yake asubuhi chupa ilikuwa na jiwe ndani. Kurudi kumwambia, akaniuliza kama niliitikisa. Nunua kopo dogo lililofungwa kiwandani, lisilobonyea kifuniko, na likisikika zito bila kucheza ukilitikisa, liache hapo hapo. Kingine: paki gari mbali. Mimi nikishuka Land Rover bei ni moja, nikija kwa matatu bei ni nyingine, na muuzaji ni yule yule.

Ya pili ni epoksi ya makopo mawili, prima (rangi ya kwanza) na hadna yake (dawa ya kuigandisha), halafu rangi nyeusi juu. Nikiwa mkweli, kwa chesisi iliyopigwa mchanga ikabaki nyeupe kabisa, epoksi inaishinda kipenzi changu. Mkono mmoja mwembamba wa prima unaweza kubaki hata kwenye sehemu za kubanwa, maana ni mgumu na hauhami kama plastiki ya unga. Lakini angalia hiyo rangi ya juu. Nyingi hadna yake ina isosianeti, sumu ya mapafu, na kinyago cha vumbi hakisaidii kitu. Kule jua kali nimeona vijana wanapiga wamejifunga leso. Ukipeleka kazi, uliza kinyago kabla ya kuuliza bei.

Ya tatu, kuchovya kwenye zinki ya moto, yenye joto la nyuzi 450 hivi, nako ni jambo kubwa kwa chesisi. Richards Chassis wa Uingereza hutengeneza chesisi za Land Rover zilizochovywa tayari, kwa mwenye mfuko. Ukichovya ya zamani, mabomba yake lazima yatobolewe mashimo ya hewa, maana hewa iliyonaswa ndani ya zinki ya moto hulipuka. Na springi zisiende huko hata kwa bahati mbaya. Asidi ya kusafishia kabla ya kuchovya hutia haidrojeni ndani ya chuma kigumu, kikawa kinakatika ghafla kama muwa mkavu.

Pauda naiweka ya nne. Si rangi mbaya, na karakana inayojua kazi huziba sehemu za kubanwa kwa utepe wa kuvumilia joto kabla ya kuingiza tanurini. Yangu haikuziba. Ilichukua shilingi 28,000, ikaacha na bushi za mpira ndani ya springi, na tanuri la nyuzi 200 likazioka mpaka zikawa biskuti. Peleka huko bampa na fremu za viti.

Redi oksaidi na gloss nyeusi ya mabati: kwa geti. Lami ya chini ya gari huficha kutu vizuri mno, na hiyo ndiyo shida yake.

Kama tayari umepakwa pauda, usilie. Fungua, kwangua sehemu za kubanwa hadi chuma kionekane, pitisha prima nyembamba, weka yubolti na nati mpya, kaza. Endesha kilomita mia mbili, kaza tena. Zangu zilisogea robo mzunguko mara ya kwanza, mara ya pili hazikusogea.

Ile karakana nilirudi nikiwa na sahani ya yubolti mkononi. Walinipa pole, wakasema nizilete zote wanipigie mkono wa pili, bure.