Chumba cha feni mjini Chanthaburi: uchakavu si uchafu

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Leo ninawaonyesha chumba nilicholala siku nne, kuanzia Alhamisi hadi asubuhi hii ya Jumatatu, katika hoteli ya zamani ya bei nafuu mjini Chanthaburi, kusini-mashariki mwa Thailand, kilomita zipatazo 245 kutoka Bangkok. Basi nililipandia huko huko Bangkok, katika stendi ya Ekkamai, na safari ilichukua saa nne na ushei. Chumba cha feni nimekilipia baht 300 kwa usiku, yaani elfu ishirini na kitu kwa shilingi za Tanzania, na cha kiyoyozi kingenigharimu baht 450. Jina la hoteli sitalitaja, kwa sababu nitayasema mabaya pamoja na mazuri, na mama mwenye nyumba hakuniomba nimchambulie chochote. Isitoshe, hoteli za namna hii katika miji ya mikoani ni kama zimetoka tumbo moja: ukiizoea hii, hutapotea ukiingia katika nyingine kule Lampang au Trang.

Tuanzie chini. Jengo ni la zege, halina lifti, na Wathai huhesabu ghorofa kuanzia ile ya chini kabisa, hivyo chumba changu cha ghorofa ya nne kiko ngazi tatu juu, si nne. Kwa mwenye sanduku la kilo 20 tofauti hiyo si ndogo. Hapa mapokezi mnaona mabenchi ya mbao nzito, sakafu ya terazo iliyolainishwa na nyayo za miaka mingi, na pale chini, penye ukuta, kijumba chekundu cha ibada chenye vikombe vidogo vya chai, ambacho hukosi kukiona katika nyumba nyingi za Wathai wenye asili ya Kichina. Nje, kwenye kona ya kiwanja, kuna kijumba kingine juu ya nguzo, nacho ni cha mizimu wenye ardhi. Ile chupa ya soda nyekundu iliyotiwa mrija haikusahauliwa na mtu. Ni sadaka, kwa hiyo usiegemeze begi lako hapo wala usianike taulo.

Mama huyu ni mtu wa shikamoo. Wathai, kama sisi, hawapendi kumwita mtu mzima kwa jina kavu: humwita *paa*, yaani dada mkubwa wa baba au mama, hata kama hawana undugu naye, na neno hilo halihusiani na mnyama wala na paa la nyumba. Nilipomwita hivyo, huku nimeunganisha viganja kifuani, bei haikushuka hata kidogo, lakini funguo mbili ziliwekwa mezani ili nikachague mwenyewe. Hiyo ndiyo desturi ya kuifuata: omba kuona chumba kabla ya kulipa, wala hakuna anayeudhika. Atachukua pia nakala ya pasipoti yako, nawe usinune, kwa kuwa sheria yao ya uhamiaji ya mwaka 1979 inamtaka mwenye nyumba atoe taarifa ya mgeni wa kigeni ndani ya saa 24. Aliniomba vilevile amana ya baht 100 kwa ajili ya ufunguo, akaniandikia risiti yenye mwaka 2568, ambao si kosa la kalamu. Kalenda yao ya Kibudha iko mbele ya yetu kwa miaka 543.

Chumba cha kwanza nilikikataa, kwa kuwa kilitazama barabara na pikipiki zilikuwa zikipita kana kwamba ziko chini ya kitanda. Hiki cha pili kiko nyuma, na hapa ndipo ninapotaka tutulie, kwa sababu watu wengi wanaoichambua hoteli ya zamani huchanganya mambo mawili: uchakavu na uchafu. Tazameni komeo hili, ambalo limepakwa rangi mara nyingi mno hata linabanduka vipande kila ninapolisukuma. Vigae vya bafuni vina nyufa, na shuka limefuliwa mpaka limekuwa jepesi kama leso, tena lina kiraka kilichoshonwa kwa mkono, mishono midogo iliyonyooka. Hayo yote ni uchakavu. Sasa napitisha kidole juu ya kabati, mahali ambapo mfagiaji mvivu hafiki, na kidole kinarudi kikavu, bila vumbi. Nainua pembe ya godoro na kumulika mishono yake kwa tochi ya simu, kwa kuwa kunguni hukaa humo na huacha vidoadoa vyeusi. Hakuna hata kimoja. Chumba kinachofaulu majaribio haya mawili kinalalika, hata kama kuta zake zimechujuka rangi.

Kulalika, nakiri, kunategemea mgongo wako. Godoro ni gumu kwelikweli, na kitanda hutandikwa shuka moja la chini pamoja na blanketi tu, bila shuka la kujifunika. Mimi nilijifunika kikoi changu, na ninawashauri mje na kikoi au khanga, ambazo hapa hufanya kazi kuliko nguo yoyote nyingine ndani ya begi. Feni ya dari ina nguvu ya kutosha, na madirisha yana wavu wa mbu usiotoboka. Plagi yetu ya pini tatu za mraba haiingii katika soketi zao, kwa hiyo adapta ni lazima.

Malalamiko yangu makubwa ni ya bafuni. Usiku wa Alhamisi harufu ya mfereji wa maji machafu ilinitoa usingizini, nikafikiri bomba limepasuka, nikaanza hata kufunga sanduku langu. Asubuhi mama alipanda mwenyewe na ndoo, akamimina maji katika tundu la sakafuni, mara mbili, kisha akakaa kando akisubiri kwa utulivu wa mtu aliyekwisha kuyaona haya mara mia. Chini ya tundu lile kuna bomba lililopinda ambalo hubakiza maji kidogo, na maji hayo ndiyo kizuizi cha harufu. Chumba kikikaa siku kadhaa bila mgeni katika joto hili, maji hukauka na njia hubaki wazi. Haikupita nusu saa harufu ikaisha, wala haikurudi. Sababu nimeielewa, lakini bado ninaihesabu kuwa kosa, kwa sababu ndoo hiyo ingemiminwa kabla mimi sijapewa ufunguo. Mengine ya bafuni ni ya kawaida: maji ni ya baridi tu katika vyumba vya feni, shawa haina pazia, kwa hiyo hulowanisha kila kitu pamoja na choo, karatasi hutupwa katika ndoo ya pembeni, na ule mpira wa maji ulio kando ya choo utawafurahisha watazamaji wangu wa mwambao.

Mnaweza kuuliza kwa nini nilikomaa na chumba hiki. Nimekuja kwa ajili ya soko la vito, ambalo huchangamka kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, na kutoka hapa ni mwendo wa dakika saba kwa miguu. Huko wanunuzi hukodi meza na kukaa, na madalali ndio wanaozunguka na vipakiti vya mawe, kinyume na masoko tuliyoyazoea. Rubi na safaya za Afrika Mashariki zinajulikana vizuri mjini hapa, na wenzetu wa Tunduru na Songea wanawakumbuka wanunuzi wa Kithai waliofika kwao miaka ya 1990. Sasa tazameni dirisha hili: mwanga wake wa asubuhi ni tulivu, bila jua la moja kwa moja, mwanga ambao mtu wa mawe huutafuta ili rangi isimdanganye. Meza ndogo, karatasi nyeupe, na mwanga huo vilinifaa kuliko kiyoyozi chochote. Kasoro ni kwamba chumba hakina sefu, nami sikumwachia mtu mzigo wangu wa mawe. Nililala nao kiunoni.

Mzee asiyeweza ngazi simshauri aje hapa, wala mwenye usingizi mwepesi, maana kuta ni nyembamba, na kwenye korido anaishi mjusi mkubwa ambaye hulitaja jina lake mwenyewe, *tuk-kae*, saa nane za usiku.

Limebaki tangazo hili nyuma ya mlango, lenye picha mbili zilizokatwa kwa mstari mwekundu. Tunda la kwanza ni doriani, ambalo ndugu zetu wa Unguja wanalijua, na harufu yake ikishaingia katika godoro, hata wiki nzima haitoshi kuiondoa. La pili ni mangostini, tunda tamu lisilo na harufu mbaya hata kidogo, nami nililiona katazo hilo kuwa la ajabu. Mkoa huu ni maarufu kwa matunda yote mawili, na huu mwezi wa Juni ni msimu wake, kwa hiyo Jumamosi nilinunua kilo moja na kuyala hapa kitandani juu ya gazeti. Kosa haliko katika nyama yake nyeupe, bali katika ganda, ambalo hutoa maji ya zambarau yasiyotoka katika kitambaa. Foronya ni hii, na doa ni hili. Nimelisugua kwa sabuni mara tatu, nalo limezidi kukolea. Sasa ninashuka nayo mkononi kumwonyesha mama, na ile amana ya baht 100 nimekwisha kuitoa katika hesabu zangu.