Kipima oksijeni cha kidole kutoka Birere: pesa yake inastahili, ila ujue kinahesabu nini

Nilikinunua Birere, hapa Goma, kwenye farmasi ndogo iliyobanwa kati ya duka la vitenge na muuza simu, kwa dola 12. Muuzaji alianzia 20. Noti ya kwanza niliyompa aliirudisha kwa sababu ya mpasuko wa pembeni ambao mimi na miwani yangu hatukuuona. Mambo yetu ya Goma hayo. Kidude chenyewe ni kile cheupe chenye buluu kinachobana kidole, ndani ya kisanduku chenye maandishi ya Kichina na kikaratasi cha Kiingereza kisichosomwa na mtu yeyote nyumbani kwetu.

"Mama, hii iko orijino."

"Mwanangu, weka betri kwanza tuone."

Betri hazikuwemo. Kinataka mbili, zile nyembamba za rimoti, na usichukue za bei ya chini kabisa, hazidumu.

Mimi nafanya kazi maabara katika kituo cha afya, na nyumbani namtunza mama yangu mwenye pumu. Kwa hiyo chombo kama hiki siwezi kukisifu kwa sababu tu kinawaka. Kinawasha taa mbili, moja nyekundu na nyingine isiyoonekana kwa macho, kisha kinapima kiasi cha mwanga kilichopenya kidoleni. Damu yenye oksijeni haimezi mwanga mwekundu kwa kiwango sawa na damu isiyonayo, na tofauti hiyo ndiyo inayogeuzwa kuwa asilimia. Wazo la kufanya hesabu hiyo kwa kufuata mapigo ya damu ni la mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, mwaka 1974. Kabla ya hapo mara nyingi ilibidi utoboe mshipa wa ateri, jambo ambalo simtakii mtu.

Kwenye matumizi kinafanya vizuri. Subiri namba itulie, usisome ile ya kwanza. Asubuhi upepo wa ziwa ukivuma na vidole vya mama vikawa baridi, kinaonyesha 84. Nikimsugua mikono, inapanda hadi 95. Vernisi nyeusi ya kucha nayo inakivuruga. Wala usitegemee kuona 99 kila siku. Goma iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Hewa yetu ina oksijeni asilimia 21 kama ya Mombasa, lakini mgandamizo wake uko chini kwa takribani asilimia 15. Kwa mama, 94 ni siku njema. Ikishuka chini ya 90 na vidole vina joto, sitafuti ushauri kwa majirani, naita pikipiki twende hospitali.

Sasa, namba hiyo ni ya nini? Wengi wanadhani oksijeni ni chakula cha mapafu. Mapafu huipokea tu. Zinazoihitaji ni seli, za ubongo, za misuli, za figo. Ndani ya seli, kwenye mitokondria, vile vijumba vyake vya kutengeneza nguvu, chakula tulichokula hunyang'anywa elektroni, chembe ndogo mno za umeme, nazo hupokezanwa kutoka protini moja hadi nyingine, na katika kupokezana huko ndiko inakopatikana nguvu ya kutengeneza ATP, ambayo seli huitumia kwa kila kazi yake. Wa mwisho kuzipokea elektroni hizo ni oksijeni, inayoungana na haidrojeni na kuwa maji. Ikikosekana, elektroni hazina pa kwenda, na kazi yote nyuma yake inasimama.

Seli hubaki na njia ya zamani ya kuvunja sukari bila oksijeni. Molekuli moja ya glukosi huipa ATP 2, wakati kwa oksijeni ingepata 30 hivi. Misuli ya kijana anayepandisha chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, yenye magunia ya viazi huvumilia hali hiyo kwa muda mfupi. Ubongo hauwezi. Una asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote, na hauna akiba ya maana. ATP ikiisha, pampu zinazotoa sodiamu nje ya seli husimama, maji huingia, seli huvimba. Dakika nne au tano bila oksijeni kabisa, zinaanza kufa. Ndiyo maana mama akibanwa vibaya namuuliza jina la kitukuu wake. Akijibu kombo, naondoka naye hata kama kidude kinacheka.

Maana kidude kinaweza kukudanganya bila kuwa kibovu. Chukua himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, kama taksi yenye viti vinne vya oksijeni. Chombo kinakuambia ni viti vingapi kati ya mia vilivyojaa. Idadi ya taksi hakiijui. Mtoto aliyeishiwa damu kwa malaria anaweza kusoma 98 huku maabara tunamkuta na himoglobini ya gramu 5 tu kwa desilita. Taksi chache, zote zimejaa, na seli zina njaa. Babula, yaani jiko la makala, ikiwaka chumbani madirisha yamefungwa, kaboni monoksidi inakalia viti vya oksijeni na kuving'ang'ania, na chombo cha bei hii kinaihesabu kama oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, kioo kinasema 97. Halafu kuna sianidi ya muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha. Hiyo haigusi usafiri. Inafunga ile protini ya mwisho inayokabidhi elektroni kwa oksijeni. Damu inafika imejaa na seli haiwezi kuitumia.

Jirani mmoja aliniomba aende nacho upande wa Bulengo, eti kimwonye kuhusu mazuku. Hapana, yaya. Kinakupima wewe, hakipimi hewa. Mazuku ni kaboni dioksidi, nzito kuliko hewa, imelala bondeni, na namba itakapoanza kushuka utakuwa umeshaivuta.

Jambo jingine ambalo kisanduku hakisemi: utafiti uliochapishwa mwaka 2020 katika New England Journal of Medicine ulikuta kwamba, kati ya wagonjwa waliosomeka 92 hadi 96, weusi asilimia 11.7 walikuwa kwa kweli chini ya 88, na weupe asilimia 3.6 tu. Na vile vilikuwa vyombo vya hospitali za Marekani, si vya dola 12. Kwa ngozi zetu, 92 iangalie kwa mashaka, na fuata zaidi mwelekeo wa namba za mgonjwa wako kuliko namba moja.

Hata hivyo ningekinunua tena. Usiku, umeme umekatika, kinanisaidia kujua kama dawa ya kuvuta imefanya kazi, na hilo pekee linarudisha pesa. Ila kwa mtoto mchanga usikichukue, ingawa muuzaji aliapa kwamba kinafaa kwa "watu wote". Kidole cha mtoto kinapwaya humo, mwanga unapita pembeni, na namba inaruka ovyo. Tafuta chenye waya na kishikio cha kufunga mguuni. Pale Birere sijakiona.